Hivi kwa nini vitabu vya Kifaransa vya vijana vinavyobeba tuzo vimejaa misiba?

#1 Mama Zai
Wakuu, heshima kwenu.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, kachagua Kifaransa. Mwalimu wake kawaambia kila mmoja atafute kitabu kimoja cha watoto au vijana kilichopata tuzo, akisome likizo hii na kurudi na muhtasari. Mjomba wake aliyeko Kigali kamletea Petit Pays cha Gaël Faye. Jalada limeandikwa Prix Goncourt des lycéens, yaani tuzo ya wanafunzi wa sekondari. Nikasema hapo sawa.

Sasa mimi Kifaransa changu ni cha kuombea maji, lakini nina tabia ya kupitia kila anachosoma mtoto. Nikakaa na kamusi siku nne. Wapendwa, nusu ya kwanza maembe na baiskeli, nusu ya pili vita, sikulala. Nikamwandikia mwalimu, akanitumia orodha ya vingine. L'Enfant océan: watoto saba wanatoroka usiku wakiamini baba atawaua. Oh, boy!: yatima watatu, mmoja anapata saratani ya damu. Allah n'est pas obligé: mtoto askari.

Swali langu: hawa watu hawana watoto wanaocheka? Au tuzo yao inatolewa kwa kupima machozi?

#2 Kijiti cha Mkaa
Nimewahi siti ya mbele. Leteni kahawa na kashata.

#3 Mwl_Kasulu
Mama Zai, mwalimu mwenzangu kakuchanganyia mafaili mawili. Nafundisha Kifaransa, kwa hiyo niruhusu niwe mrefu kidogo.

Petit Pays si kitabu cha watoto. Ni riwaya ya watu wazima ambayo vijana ndio waliyoichagua. Goncourt des lycéens ilianza 1988 kule Rennes, Ufaransa. Kila mwaka wanafunzi wapatao 2,000, madarasa kama hamsini hivi, wanapewa vitabu vilevile vilivyoteuliwa na wazee wa Goncourt, ile tuzo kubwa ya riwaya ya Ufaransa. Wana miezi kama miwili ya kuvisoma vyote, wanabishana darasani, wanatuma wawakilishi wao, na mwezi wa 11 wanamtangaza mshindi. Umri wao ni kama miaka 15 hadi 18. Hakuna kitabu hata kimoja kwenye rundo lile kilichoandikwa kwa ajili yao.

L'Enfant océan na Oh, boy! hizo sasa ndizo za vijana kwelikweli. Ya kwanza ya Jean-Claude Mourlevat, ya pili ya Marie-Aude Murail. Allah n'est pas obligé ya Ahmadou Kourouma nayo ni ya watu wazima, ilishinda tuzo hiyohiyo ya wanafunzi mwaka 2000.

Kwa hiyo kwenye orodha yako ya vitabu vinne, viwili si vya watoto. Kesi yako imepungua nusu.

#4 Wakili Kesi Ndogo
Naunga mkono #3, na nawapa njia ya mkato. Fungueni kitabu cha Kifaransa, ukurasa wenye jina la mchapishaji na tarehe, huwa mwanzoni au mwisho kabisa. Mkikuta mstari unaotaja sheria namba 49-956 ya tarehe 16 Julai 1949, hicho ni cha watoto au vijana kisheria. Usipokuwepo, mchapishaji mwenyewe hajakiweka huko. Haina haja ya kubishana.

#5 Mama Zai
Wakili, nimeamka kitandani kwenda kuangalia. Kwenye L'Enfant océan (mwalimu alimwazima jana) mstari upo, maandishi madogo kama sisimizi. Kwenye Petit Pays sijauona.

Lakini bado hamjanijibu. Hicho chenye mstari ndicho chenye baba wa kuua watoto!

#6 Mtoto wa Posta
Mbona mnakizunguka tu. Petit Pays ilichukua Goncourt yenyewe 2016, ile kubwa. Ndiyo maana ni nzito.

#7 Mwl_Kasulu
@Mtoto wa Posta hapana. Goncourt ya 2016 alichukua Leïla Slimani na Chanson douce. Petit Pays ilifika mwishoni pamoja nayo ikakosa, wanafunzi wakaipa ya kwao. Na ukitaka kujua nani mzito: Chanson douce ni yaya anayeua watoto wawili aliokuwa akiwalea. Yaani vijana wamepewa rundo lenye kitabu hicho, wakachagua cha mtoto wa Bujumbura na maembe yake. Mimi hapo sioni watu wanaopenda damu.

#8 Mtoto wa Posta
Nimekubali yaishe.

#9 MtuWaBuyenzi
Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo nimejisajili tena kwa ajili ya uzi huu.

Mimi ni wa Bujumbura, Buyenzi, kule ambako Kiswahili ndicho tunachotukania. 1993 nilikuwa na miaka 11. Gaby wa kwenye kitabu ana 10 inapoanza. Yeye ni wa mtaa wa wenye nafasi, Kinanira, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Sisi tulikuwa tunawaona watoto wa kule wakipita na gari, basi.

Mama Zai anasema nusu ya kwanza ni maembe na baiskeli, kana kwamba hiyo ni ya kupitia haraka ili kufika kwenye vita. Dada yangu, rudia hiyo nusu. Gaby anaibiwa baiskeli yake ya BMX na mfanyakazi wa nyumbani. Wanaitafuta mpaka wanafika mashambani huko, wanaikuta kwa mtoto maskini ambaye familia yake iliinunua kwa akiba yao yote. Wanamnyang'anya, kisheria ni yake, na Gaby anarudi nayo nyumbani hana hamu ya kuipanda. Mimi nilifunga kitabu hapo, nikatoka nje nikavuta hewa. Hakuna aliyekufa kwenye sura hiyo.

Na Gaël Faye mwenyewe alianzia kwenye muziki. Albamu yake ya 2013 inaitwa Pili Pili sur un Croissant au Beurre. Pilipili ni yetu hiyo, na wimbo wenye jina la riwaya umo humo, miaka mitatu kabla ya kitabu.

#10 Kijiti cha Mkaa
Mkuu #9 umenifanya nitafute bei ya kitabu ambacho lugha yake siijui.

#11 Bint Kisauni
Asalaam aleikum jamani. Mimi naona Mama Zai anawaonea Wafaransa bure. Bibi yangu Mombasa alikuwa akitulaza na hadithi ya zimwi lililomtia mtoto ngomani, likazunguka naye vijijini likimwimbisha ndani ya ngoma ili lipewe chakula. Ndani ya ngoma! Tulikuwa na miaka minne mitano. Kuna ya mama wa kambo aliyemfukia mtoto hai na nywele zikaota zikawa majani yanayoimba. Hadithi hizo hazikuandikiwa sheria wala hazikupewa tuzo, na tulikuwa tunalia "bibi, tena!"

Hiyo L'Enfant océan kwani si ndiyo hadithi ya yule mtoto mdogo kama kidole na ndugu zake wanaotupwa msituni? Yaani ni ngano ya kale iliyovishwa suruali.

#12 Mwl_Kasulu
Bint Kisauni umepatia kabisa. Ni ngano ileile ya Le Petit Poucet iliyoletwa kwenye Ufaransa ya magari na treni. Yann ana miaka kumi, umbo la mtoto wa miaka miwili, hasemi. Kaka zake sita ni pacha wawili wawili, yaani jozi tatu. Utamu wake ni kwamba kila sura inasimuliwa na mtu mwingine aliyewaona wakipita, kila mtu na kipande chake. Wanafunzi wangu huwa nawagawia kila mmoja shahidi wake, halafu tunafanya kama baraza la kijiji. Ilitoka 1999, ikapata Prix Sorcières 2000.

Kosa dogo tu: hawatupwi msituni, wanatoroka wenyewe, wanakwenda magharibi mpaka baharini.

#13 Sululu
Prix Sorcières si "Tuzo ya Wachawi"? 😂 Hiyo tuhamishie Sumbawanga, kombe halitoki nchini.

#14 Kijiti cha Mkaa
Gamboshi wanakata rufaa.

#15 Mwl_Kasulu
Ndiyo, wachawi wa kike haswa. Jina lilitoka kwa maduka ya vitabu vya watoto yaliyojiita hivyo. Wanaoitoa ni wauza vitabu vya watoto pamoja na wakutubi, tangu 1986. Watu wanaomjua mtoto anayeingia dukani akiwa ameshikwa mkono.

#16 Sululu
Hapo ndipo jibu lilipo. Wakutubi na wauza vitabu ni watu wazima. Mtu mzima anampa tuzo kitabu kilichomliza yeye. Mtoto angempa tuzo kitabu chenye panya anayejamba. Kesi imefungwa.

#17 Wakili Kesi Ndogo
Kesi hufungwa na hakimu, wewe Sululu ni karani.

Kuhusu sheria ile ya 1949, maana kuna aliyeniuliza faraghani. Ilitungwa baada ya vita, wakati Wafaransa wa kila upande, Wakatoliki na Wakomunisti, walikuwa na hofu na katuni za Kimarekani. Ikaunda kamati ya uangalizi chini ya Wizara ya Sheria. Maandishi yake ya mwanzo yalikataza machapisho ya watoto yanayosifia ujambazi, uongo, wizi, uvivu, woga, chuki na ufasiki. Uvivu umo! Orodha hiyo ilibadilishwa 2011. Angalieni vizuri lakini: kifo hakikuwemo. Mwandishi aliruhusiwa kuua wahusika wake wote, mradi asiwasifie wavivu. Pengine misiba ilikuwa njia salama zaidi kisheria kuliko mzaha. Hiyo ni hoja yangu binafsi, msije mkainukuu mahakamani.

#18 Bint Kisauni
Uongo, wizi na uvivu? Basi Sungura wetu hapiti hata mlango wa kwanza. Anadanganya, anaiba asali ya wenzake, kisima wanachimba wengine yeye anakuja kunywa. Na Abunuwasi ndiyo kabisa, kifungo cha maisha.

#19 MtuWaBuyenzi
😂😂 Sungura na wakili wake mbele ya kamati ya Paris. Ningelipa kiingilio.

#20 Kamalondo_243
Bonjour ba ndugu, munisamehe Kiswahili yangu, mimi ni mutoto wa Lubumbashi.

Mimi naona munatafuta jibu mubali na liko pa karibu. Munasema "vitabu vya Kifaransa". Hapana. Ni vile vinavyowafikia ninyi. Kitabu kya Afrika kikitoka Paris kikipata tuzo, mara mingi kina vita: Kourouma, Faye, na David Diop mwaka 2018 na askari wake wa Senegal mu vita ya kwanza, ile nayo ilichukuliwa na ba wanafunzi. Sababu ni kwamba kule ndiyo namna yetu wanaijua.

Sisi mu masomo tulikuwa na Dominique Mwankumi, mutu wa Kongo, anaandika na kuchora mwenyewe, vitabu vya picha, vilitoka kwa l'école des loisirs. La pêche à la marmite, Les petits acrobates du fleuve. Mutoto na mutumbwi, muto, samaki, basi. Hata Prince de la rue, ya mutoto wa barabara ya Kinshasa, ile mutoto anatengeneza vitu vya kuchezea na nyaya na mikebe. Ni shida, ndiyo, lakini ana mikono, anajua kazi. Tulikuwa na kopi moja mu darasa ya watoto wengi, mwalimu alikuwa anatembea nayo katikati ya viti, anafungua picha, anahesabu mpaka kumi, anapita. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Mpaka leo picha ya ule muto naiona ya mubali, ndogo sawa vile stempu.

#21 Mama Zai
Kamalondo, nimekusoma mara mbili. Hiyo ya kuhesabu mpaka kumi...

#22 Yai la Kanga
Naongeza kwa #20. Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet wa Ivory Coast, michoro ya Clément Oubrerie. Kitabu cha katuni, 2005, mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya kazi ya kwanza kule Angoulême. Abidjan miaka ya sabini mwishoni, wasichana watatu wa uswahilini, mmoja anataka kuwa daktari, wenzake wanataka dansi na mabwana. Hakuna bunduki. Umbea mtupu kutoka ukurasa wa kwanza. Mama Zai mpe huyo binti Aya, ila wewe kipitie kwanza maana kuna mimba.

#23 Kijiti cha Mkaa
Umbea + mimba. Hicho ndicho nitajifunzia Kifaransa.

#24 Sululu
Kamalondo anasema ni Paris inayochagua vita. Ila waliomchagua Kourouma ni watoto wa shule wa miaka 16, si wahariri. Tuelewane.

#25 Mwl_Kasulu
Hapo kwa Kourouma kuna jambo watu hawalijui. Fungueni kitabu mwanzoni kabisa, kwenye kutabaruku. Kimetolewa kwa watoto wa Djibouti, anasema ni kwa maombi yao kitabu kiliandikwa. Alikwenda kule, watoto wakamwomba aandike juu ya vita vya kikabila. Vita vya Wasomali vilikuwa jirani yao. Yeye akaandika vya Liberia na Sierra Leone, ambako alijua zaidi.

Sasa nani kachagua vita hapo? Paris? Wazee wa tuzo? Watoto wenyewe waliomba.

Na kitabu kinachekesha, msidanganyike na neno askari. Birahima anatembea na kamusi nne, kila neno gumu anakuelezea, neno la Kiafrika anamweleza Mzungu, neno la Kizungu anamweleza Mwafrika, katikati ya mauaji. Darasani kwangu wanacheka halafu wananyamaza ghafla, kila mmoja akimtazama mwenzake kama ni halali.

#26 Kamalondo_243
Mwalimu, ile ya Djibouti sikuijua. Merci. Lakini watoto wa Djibouti waliomba moja, Paris inachapa kila mwaka. Sibadilishe.

#27 Mtafsiri Mkimya
Habari za jioni. Naona wote mnazungumzia nani anaandika na nani anatoa tuzo. Mimi nafanya tafsiri, naangalia nani anavusha.

Petit Pays na Tobie Lolness ya Timothée de Fombelle ziliingia Kiingereza kwa mkono wa mtu mmoja, Sarah Ardizzone. Mtu mmoja tu akichoka, vitabu vingapi vinabaki ng'ambo? Sisi Kiswahili tuna kipi cha watoto kutoka Kifaransa? Cha kwanza kinachonijia ni Mwana Mdogo wa Mfalme, cha Saint-Exupéry, Mkuki na Nyota walikichapa Dar. Huyo mwandishi tuzo zake, Femina 1931 na ile ya Académie française 1939, alizipata kwa vitabu vya watu wazima. Hiki kilitoka New York 1943, na Julai 1944 ndege yake ikapotea. Ufaransa kilichapishwa 1946 mwenyewe hayupo.

Na kinaishaje? Mtoto anaumwa na nyoka. Mama Zai ongeza kwenye orodha yako.

#28 Mgogo wa Mpwapwa
Mimi kitabu hicho nina kesi nacho. MIBUYU. Jamaa anasema mibuyu ni miti mibaya, mbegu zake zimejaa kwenye kisayari cha yule mtoto, asipoing'oa mapema inapasua sayari. Kuna na mchoro wa mvivu aliyeacha mitatu ikamzidi. Nilikisoma nikiwa chuo, nikainua macho dirishani, nje pale Dodoma kuna mbuyu una miaka mingi kuliko Ufaransa. Watoto wanacheza chini yake, juu wanaangua, bibi anauza ubuyu wa rangi. Ung'oe?

#29 Sululu
Mvivu kaadhibiwa. Wakili, sheria ya 1949 imetanguliwa.

#30 Mtafsiri Mkimya
@Mgogo wa Mpwapwa ndiyo maana nasema kuvusha ni kazi. Neno mbuyu likifika kwenye Kiswahili linakuja na kivuli chake, na mashetani yake, na ubuyu wake. Mfaransa akisoma baobab anaona kitu kikubwa cha mbali. Wewe unaona nyumbani. Sentensi moja, watoto wawili, vitabu viwili. Sijui dawa yake. Kuubadilisha kuwa mti mwingine ni dhambi kwenye kazi yetu.

#31 Yai la Kanga
Halafu cha kuchekesha, kule Montreuil kwenye maonyesho yao makubwa ya vitabu vya watoto, kuna wakati tuzo iliitwa Baobab. Siku hizi wanatoa zinazoitwa Pépites. Mti wa balaa ukageuka kombe.

#32 Kijiti cha Mkaa
Wa Dodoma, huo ubuyu wa rangi unatuma mkoani? Nipo Tanga.

#33 Mgogo wa Mpwapwa
Njoo faragha mkuu. Kilo kuanzia mbili.

#34 Mama Zai
Jamani uzi wangu! Ubuyu mtauziana baadaye.

#35 Dereva Mstaafu
Nijaribu kurudisha gari barabarani. Nina wajukuu Lyon. Shuleni kwao kuna Prix des Incorruptibles, ipo tangu 1988, watoto ndio wanapiga kura, kuanzia chekechea mpaka sekondari. Masharti: usome vitabu vyote vya kundi lako ndipo upige kura. Mjukuu wangu wa miaka saba alikaa na simu ya mama yake akinisomea kimoja cha mbwamwitu, mimi nimekaa Ubungo nimesubiri mtandao usikatike. Akaniuliza, "Babu, nikipigie kura kipi?" Nikamwambia hicho cha mbwamwitu. Akasema hapana, hicho anapenda yeye, kura atampa kile cha huzuni, kwa sababu kile kinahitaji zaidi.

#36 Bint Kisauni
Ya Rabi. "Kinahitaji zaidi."

#37 Sululu
Babu hiyo ni chai, mtoto wa miaka saba haongei hivyo 😂

#38 Dereva Mstaafu
Chai unayo wewe. Nilimwuliza mama yake kama kafundishwa na mwalimu, kasema hajui.

#39 Sululu
Hata hivyo, vitabu vinavyopigiwa kura nani kaviweka mezani? Watu wazima. Mtoto anachagua kati ya sahani alizopakuliwa.

#40 Mwl_Kasulu
Na wali wa kwenye meza yako kachagua nani, Sululu?

#41 Mtoto wa Posta
Nimerudi. Kwenye fedha je? Labda misiba inalipa.

#42 Yai la Kanga
Goncourt kubwa yenyewe ni hundi ya euro 10. Kumi. Nauli ya teksi. Fedha inakuja kwenye mauzo, kitabu kikishapata tuzo kila mwalimu na kila shangazi ananunua. Tuzo ya Andersen ya waandishi wa watoto, ambayo Marie-Aude Murail aliipata 2022, ni medali na cheti. Yenye mshiko ni ALMA ya Uswidi, kroni milioni 5. Mourlevat wa L'Enfant océan kaichukua 2021, na 2025 kaichukua Mfaransa mwingine, Marion Brunet. Kabla yao 2010 aliipata Mbelgiji Kitty Crowther, mchoraji.

#43 Mtoto wa Posta
Alma si kile kitabu cha msichana wa utumwani? Nacho kimepewa milioni 5?

#44 Yai la Kanga
Aisee wewe 😂 ALMA ni tuzo ya kumkumbuka Astrid Lindgren. Alma ya kitabu ni ya Timothée de Fombelle, 2020, msichana wa Kiafrika anayemtafuta mdogo wake 1786, wakati wa biashara ya watumwa. Ni majina yamefanana.

#45 Mtafsiri Mkimya
Na hiyo Alma mchapishaji wake wa kawaida wa Uingereza hakuichukua, kwa hoja kwamba mwandishi ni Mzungu na mhusika mkuu wa kisa hicho cha utumwa ni msichana mweusi. Ufaransa kiliuzwa bila tatizo. Naona #20 na #26 mna la kusema.

#46 Kamalondo_243
Mimi sina tatizo aandike. Nina tatizo Mwankumi kumutafuta mu duka ni kazi, na ule mwingine amejaa mu dirisha.

#47 MtuWaBuyenzi
Mimi nina tatizo dogo tofauti. Murail wa Oh, boy! anaanza na mama kafariki, watoto watatu wameapa hawatatenganishwa, halafu saratani, na nilicheka kitandani mpaka mke wangu akaniuliza nasoma nini. Kwa hiyo tukisema "misiba" tunapima mambo yanayotokea, hatupimi sauti inayosimulia. Nani anayewaandikia watoto wetu kwa sauti hiyo, ya kucheka na kilio mkono huohuo?

#48 Bint Kisauni
Wapo. Kenya tuna Tuzo ya Jomo Kenyatta, tangu 1974, ina sehemu ya watoto na ya vijana, ya Kiswahili pia. Tatizo akishinda tunapiga picha, kitabu tunakiona tena kikiwa kiteule cha shule.

#49 Mwl_Kasulu
Na bara tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, hutolewa 13 Aprili siku aliyozaliwa, ya kwanza ilikuwa 2023, baadaye wakaongeza hadithi za watoto. Ila waamuzi ni wataalamu. Hebu fikirini Ilboru, Kibaha, Lumumba ya Unguja, madarasa hamsini, kila mtoto na rundo moja, miezi miwili, wabishane. Halafu waseme wao.

#50 Wakili Kesi Ndogo
Kopi za rundo hilo nani ananunua?

#51 Mwl_Kasulu
Wakili, unajua kuua sherehe.

#52 Kamalondo_243
Kopi moja. Muhesabu mpaka kumi.

#53 Mama Zai
Nimesoma yote, shukrani sana. Leo asubuhi nikamwambia Zai tuache hiki, tutafute Aya. Kumbe yeye alishakimaliza wiki iliyopita, mimi nikiwa na kamusi kwenye ukurasa wa 60. Nikamwuliza, hukuogopa? Akasema aliogopa. Sehemu gani? Nikajua atataja kule mwisho. Akasema, ile ya yule mtoto wa shambani kunyang'anywa baiskeli. "Mama, kwani yeye alirudishiwa hela yake?"

Sikuwa na jibu. Mliosoma, alirudishiwa?

#54 MtuWaBuyenzi
Ngoja nikatafute nakala yangu. Iko kwenye maboksi.

#55 Fundi Viatu
Wakuu salaam, sijapitia kurasa zote, ila kwa taarifa yenu Petit Pays ndiyo iliyochukua Goncourt 2016. Tuheshimu ukweli.

#56 Mtoto wa Posta
Ndugu yangu, panda mpaka #7. Mimi nilipita njia hiyo.